Kwa nini taa ya injini hurudi kuwaka baada ya gari kutiwa injini nyingine

TAA ndogo ya manjano yenye umbo la injini humkera mno mwenye gari aliyetoka kulipia injini nyingine. Gari linanguruma vizuri, moshi wa buluu umekwisha, lakini siku ya pili au ya tatu taa inawaka. Fundi anaifuta kwa mashine, nayo inarejea. Sensa inanunuliwa na kufungwa, na bado nambari ya hitilafu ni ile ile.

Hilo si jambo geni nchini Kenya, ambako magari mengi huagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na ambako injini kuukuu huuzwa katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga na Eneo la Viwandani jijini Nairobi. Iwapo muuzaji ametoa muda wa kurejeshewa injini, muda huo huyoyoma huku vipuri vikinunuliwa kwa kubahatisha.

Chanzo cha upotevu huo ni namna nambari inavyosomwa. Kompyuta ya gari haikioni kipuri kilichoharibika. Huona tu kwamba kipimo fulani hakikufika pale kilipotarajiwa. Herufi P huonyesha kwamba hitilafu imo katika injini au giaboksi. Tarakimu 0 inayofuata humaanisha nambari inayotumiwa na watengenezaji wote, na 1 humaanisha kwamba, aghalabu, mtengenezaji ameiweka mwenyewe. Kwa hiyo P1349 ya Toyota isitafsiriwe kwa orodha ya Nissan.

Nambari hiyo ni mfano mzuri. Huonekana katika magari ya Toyota ya miaka ya mwanzo ya mtambo wa VVT-i. Katika magari ya baadaye nafasi yake ilichukuliwa na nambari kama P0011 na P0012. Mtambo huo hugeuza kidogo kamshafti ya vali za kuingizia hewa kulingana na mwendo, na nguvu inayoigeuza ni shinikizo la oili. Kompyuta huamuru vali ndogo ya umeme ipitishe oili, kisha hulinganisha sensa ya krankshafti na ile ya kamshafti ili kuona kama amri imetiiwa. Isipotiiwa, taa huwaka.

Ni wazi basi kwamba sensa inaweza kuwa nzima kabisa. Injini iliyokaa miezi mingi katika kontena na baadaye sakafuni dukani huwa na masizi ya oili ya zamani. Masizi hayo hukwamisha vali hiyo au huziba chujio lake dogo, ambalo katika injini nyingi za aina hiyo limefichwa nyuma ya bolti kwenye kichwa cha silinda. Chujio hilo ni tofauti na filta ya oili ya kawaida, na mafundi wengi huisha kubadilisha filta bila kuligusa.

Kuna kipimo kisichohitaji mashine ghali. Injini ikiwa imepata moto na inanguruma taratibu, soketi ya vali ya oili huchomolewa, kisha vali hupewa umeme wa betri moja kwa moja kwa muda mfupi. Injini inapaswa kutetemeka au hata kuzimika, na kutulia umeme unapoondolewa. Isipobadilika hata kidogo, vali imekwama au njia ya oili imeziba. Ikitetemeka, vali na njia yake zinafanya kazi, na uchunguzi uhamie kwenye nyaya, kompyuta na cheni ya taimingi. Katika Toyota nyingi, vali ikiwa baridi hupimwa kwa mita ikatoa takriban ohmu 7 hadi 8.

Cheni isisahauliwe. Injini iliyowahi kufunguliwa na kurudishwa vibaya inaweza kuwa imeruka jino moja. Huwaka, gari hutembea, ila kamshafti haitakuwa mahali kompyuta inapoitaka. Hapo hakuna sensa itakayosaidia.

Aidha, wakati nambari inaporudi ni ushahidi. Ikirudi mara tu swichi inapofunguliwa, kabla injini haijawaka, shaka kubwa ni ya umeme: waya uliokatika, soketi isiyoshika, fyuzi, au ule waya mnene unaounganisha injini na bodi ya gari, ambao mara nyingi hulegezwa injini inapotolewa na kusahauliwa inaporudishwa. Ikirudi baada ya kilomita 20 au baada ya safari mbili, umeme pengine uko sawa na kasoro imo katika utendaji. Hitilafu nyingi huhitaji kuonekana katika safari mbili mfululizo kabla ya taa kuwaka. Ndiyo sababu gari huondoka gereji likiwa safi.

Suala la injini na kompyuta kulingana ni pana zaidi, na hapa jina la injini huwahadaa wengi. Injini ya 1ZZ-FE iliyotiwa katika Corolla za Marekani za 1998 na 1999 haikuwa na VVT-i. Ile ya kuanzia 2000 ilikuwa nayo. Jina ni moja, ilhali kompyuta ya gari la 2000 ikifungiwa injini ya 1998 itatafuta vali ambayo haipo. Gurudumu la meno linalosomwa na sensa ya krankshafti nalo hutofautiana. Katika 1ZZ-FE na 1NZ-FE lina meno 34, yaani 36 yaliyopunguzwa mawili. Injini za LS za General Motors zilianza na 24 kisha zikahamia 58, na kompyuta ya moja haiielewi nyingine. Kabla ya kulipa, muundo wa sensa, idadi ya soketi na mwaka wa gari ilikotoka injini vilinganishwe na injini kuukuu ikiwa bado ipo. Ni heri isiuzwe kama chuma chakavu mapema.

Hata hivyo, kompyuta isibadilishwe ovyo. Katika magari yenye kinga ya wizi, ufunguo hutambuliwa kwa kompyuta iliyosajiliwa nao, na kompyuta ngeni inaweza kulifanya gari likatae kuwaka kabisa.

Sensa za ekzosi zina mtego wake: zipo zinazopima hewa na petroli kwa upana, na zipo za oksijeni za kawaida. Kwa macho zinafanana, lakini haziwezi kubadilishana.

Baadhi ya gereji huona njia rahisi ni kung'oa balbu ya taa hiyo. Huo ni ulaghai mtupu. Dereva hatajua tena pale taa itakapokuwa inapepesa, ishara ya kwamba silinda haichomi petroli ipasavyo na kwamba kifaa cha kusafishia moshi kinaungua. Mnunuzi wa gari afungue swichi bila kuwasha injini: taa isipowaka kabisa, aulize.

Kasoro ikishatibiwa, si lazima kufuta nambari kila mara. Kwa kawaida taa huzimika yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zisizo na hitilafu, na nambari hufutika katika kumbukumbu baada ya injini kupata moto na kupoa takriban mara 40. Katika kipindi hicho mwenye gari anaweza kushughulikia stakabadhi, kwani nambari ya injini mpya hutakiwa kuingizwa katika rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), na risiti ya duka ihifadhiwe kwa ajili hiyo.