Mkandaa na Chai ya Rangi

Chai isiyotiwa maziwa huitwa Kiwalani, Dar es Salaam, chai ya rangi. Jina lake jingine la pwani ni chai ya mkandaa. Mkandaa ni mti wa jamii ya mikoko, ambao gome lake hutoa rangi nyekundu na hutengenezea ngozi. Mmea wa chai ulipandwa Amani mwaka 1904, na kilimo chake cha biashara kikaanza 1926. Kinywaji, basi, ndicho kilichoazima jina la mti.

Yaelekea kilichofananishwa ni wekundu tu. Hata hivyo vyote viwili vina tanini, ambayo hushikamana na protini za mate, ulimi ukakauka na kukwaruza. Hali hiyo ndiyo ukakasi, neno litumikalo pia kwa ndizi mbichi na bibo. Maziwa huupunguza, kwani protini zake huishika tanini kwanza.

Jina la Kiwalani limebakiza rangi, likaacha gome. Na tanini hiyohiyo huzuia chuma kilichomo katika maharage kisifyonzwe vema mwilini, ilhali chai ya rangi kwa maharage ni chakula cha asubuhi cha wengi, wakiwamo waja wazito, ambao huhitaji chuma zaidi. Mwenye kuwashauri wainywe saa nzima baada ya kula hahitaji istilahi ya kigeni, ukakasi wanaujua.