NDEGE ILIYOFUATA MAJI

Sisi wa Shinyanga na Geita tunajua maana ya kuyafuata maji. Wakati wa kiangazi mchungaji hupanga njia ya ng'ombe wake kwa kuhesabu malambo. Mwanzoni mwa mwaka 1927 ilipita katika Kanda yetu ya Ziwa ndege iliyosafiri kwa kanuni hiyo hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliikataza Ujerumani kuwa na jeshi la anga. Hata ndege zake za kiraia ziliwekewa mipaka hadi mwaka 1926. Mafundi wake hawakukaa bure. Claude Dornier aliendelea na majaribio ya kuunda ndege kwa metali nyepesi, na mwaka 1925 ikaruka ndege yake ya abiria iitwayo Merkur, yenye injini moja.

Rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, akaamua kuvuka nayo Afrika kutoka kaskazini hadi kusini. Viwanja vya ndege vilikuwa haba mno. Basi, badala ya magurudumu ndege ikafungwa maboya mawili ya kuelea. Aliondoka Zurich tarehe 7 Desemba 1926, akafuata Mto Nile na maziwa yetu makuu, akafika Cape Town tarehe 21 Februari 1927.

Rubani anastahili sifa. Lakini hebu tuitazame ramani. Kati ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika kuna nchi kavu isiyopungua kilomita 250. Injini ikizimika juu ya ziwa, ndege hiyo hutua majini. Ikizimika juu ya pori, maboya hayana kazi. Ziwa ndilo lililokuwa uwanja, na pori letu ndilo lililokuwa mtihani.

Waingereza nao walilitegemea ziwa. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari za kila wiki kutoka London hadi Mwanza. Mwanza ikawa mwisho wa njia ya anga. Lakini mwaka 1932 njia ilipofikishwa Cape Town, ilipitia Nairobi, Dodoma na Mbeya kwa ndege za magurudumu. Huko viwanja vilikuwa vimetengenezwa. Mwanza ikaachwa kando.

Ndugu wasikilizaji, neema ya asili humpa mtu mwanzo tu. Ziwa lilitutanguliza, viwanja vya wengine vikatupita. Dhahabu nayo ni neema ya namna hiyo. Mgodi wa zamani wa Geita ulizalisha tangu mwaka 1936, ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, nao una mwisho wake. Hapana budi tujiulize leo, mashimo yangali na mali: tumejenga nini pembeni yake kitakachobaki?