Nakala Bandia ya Linux Mint, Februari 2016

Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliiingilia tovuti ya mfumo endeshi wa Linux Mint, wakawaelekeza watu kwenye nakala bandia ya usakinishaji ya toleo 17.3 Cinnamon. Kesho yake Clement Lefebvre, kiongozi wa mradi, aliifichua hila hiyo. Mwenye shaka aliagizwa kutumia amri ya md5sum, itoayo alama 32, azilinganishe na zile halali. Aliyekwisha kuichoma kwenye diski aiwashe pasipo mtandao, atazame /var/lib/man.cy. Faili ikiwapo, nakala imetiwa sumu. Ila aliyeweza kugeuza kiungo angaliweza, yamkini, kugeuza na alama zilizoandikwa kando yake. Sahihi ihakikishwayo kwa gpg haighushiki hivyo, madhali ufunguo wa siri hauwekwi katika tovuti.