Majiko ya Kisoro

Anayetafuta historia ya mji mdogo katika nchi yetu ataikuta imeandikwa kwa majina ya wakuu wa wilaya, misheni, shule na barabara. Mahali ambapo watu hao wote walikula hapatajwi, kana kwamba waliamua kesi, wakahubiri na kujenga madaraja kwa tumbo tupu. Katika makala haya twataka kuutazama mji mmoja tu kwa njia ya mikahawa yake. Mji wenyewe ni Kisoro, katika pembe ya kusini-magharibi ya Uganda, chini ya mlima Muhavura ambao kilele chake chafika mita 4,127.

Tumeuchagua kwa kuwa ni mji wenye sura mbili. Watalii wa dunia waujua kwa ajili ya gorila wa milimani. Wachuuzi na madereva waujua kwa ajili ya mipaka yake, maana Bunagana wa Kongo na Cyanika wa Rwanda hauko hata mmoja ulio mbali zaidi ya kilomita 20. Aghalabu husemwa kwamba mji huu hulishwa na gorila. Sisi hatukubali. Twaona kwamba sufuria za Kisoro zimechemshwa na soko na mpaka kuliko mtalii, na kwamba mtalii, kadiri alivyozidi kuja, ndivyo alivyozidi kula mbali na mji.

Nchi ya Bufumbira, ambayo Kisoro ndio mji wake, iliingizwa upande wa Waingereza kwa mapatano ya mwaka 1910 baina ya Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji. Mstari ulipigwa kwenye ramani, lakini lugha haikupigwa mstari. Kifumbira ni ndugu wa toka nitoke wa Kinyarwanda, na ardhi nyeusi ya volkeno yatoa mazao yale yale pande zote: maharage, mtama, na viazi vya mviringo ambavyo, japo vililetwa katika enzi ya ukoloni, leo mkulima wa Bufumbira angekushangaa ukimwambia kwamba si vya mababu zake.

Hapo pana jambo ambalo wageni wengi hawalijui, nalo ndilo ufunguo wa habari yetu. Katika nchi zenye desturi za Kinyarwanda kula lilikuwa jambo la ndani. Mtu mzima mwenye kujiheshimu aliweza kunywa maziwa, au pombe ya mtama au ya ndizi, mbele ya watu wala asilaumiwe. Bali kutafuna chakula machoni pa wageni kulihesabiwa kuwa ni aibu. Msafiri alifungiwa chakula chake nyumbani. Masurufu hayo huitwa impamba, na ndiyo yaliyowapeleka maelfu ya vijana wa Kigezi na Rwanda waliokwenda kwa miguu hadi Buganda kutafuta kazi ya mashamba katika miaka ya 1920 na baada yake. Kwa hiyo nyumba ya pombe ilitangulia nyumba ya chakula. Kumlipa mtu usiyemjua akupikie, kisha ukala ukitazamwa na mwingine usiyemjua, hayo yalikuwa mapinduzi madogo, nayo hayakuja kwa amri ya serikali.

Hata leo, katika miji ya pande hizi na ya Rwanda, utaona pazia jepesi limetundikwa mlangoni pa mkahawa. Wengine husema ni kwa sababu ya vumbi na nzi. Yawezekana. Lakini sisi twadhani pazia hilo lazuia macho kuliko nzi.

Jina la nyumba hizi nalo lina mambo. Vitabu vyetu vya shule husema mkahawa au mgahawa, neno lililozaliwa na kahawa ya Mwarabu, ambayo huku mlimani hulimwa zaidi kuliko inavyonywewa. Watu wenyewe husema hoteli. Mwanafunzi akiandika kwamba alikula maharage hotelini, mwalimu mgeni humsahihisha, akidhani hoteli ni lazima iwe na vitanda. Mwanafunzi hakukosa. Katika Afrika ya Mashariki hoteli ni mahali pa chai, chapati na benchi. Penye vitanda ni gesti au loji. Tofauti hiyo si ndogo, kama tutakavyoona, kwa sababu hoteli na loji za Kisoro zimeishi kama majirani wasiotembeleana.

Loji iliyoupa mji huu sifa yake ni Travellers Rest. Mwaka 1955 Mjerumani mmoja, Walter Baumgärtel, aliishika nyumba hiyo ndogo ya wageni akaifanya kituo cha kuwatafuta gorila wa volkeno za Virunga. Kwanza alijaribu kuwavuta kwa kuwawekea chakula huko msituni. Gorila hawakujali, wao waliendelea na majani yao. Basi tunaweza kusema kwamba wateja wa kwanza kualikwa mezani na utalii wa Kisoro waliukataa mwaliko. Baumgärtel hakukata tamaa. Akisaidiwa na kiongozi wake wa njia, Reuben Rwanzagire, aliyejua nyayo za wanyama hao kuliko mtaalamu yeyote, aliwapokea wataalamu mmoja baada ya mwingine: Rosalie Osborn mwaka 1956 na Jill Donisthorpe mwaka 1957, wote wawili kwa juhudi za Louis Leakey, Wajapani Kinji Imanishi na Junichiro Itani mwaka 1958, kisha George Schaller mwaka 1959. Dian Fossey alifika mara ya kwanza mwaka 1963, na mwaka 1967, alipoondoka Kongo kwa sababu ya machafuko, Kisoro ndiko alikokimbilia kabla ya kuanzisha kambi yake ya Karisoke upande wa Rwanda mwezi Septemba mwaka huo huo.

Baumgärtel aliondoka Uganda mwaka 1969, na kitabu chake kwa Kiingereza juu ya maisha yake na gorila kikachapishwa mwaka 1976. Ndiyo sababu twaijua meza ile. Waliopika, waliochota maji na kuosha vyombo hawakuandika kitabu, na waliokula maharage katika vibanda vya sokoni hawakuandikiwa. Walimu wa historia wanaosoma kurasa hizi wasidhani kwamba ukimya huo maana yake ni kwamba hapakuwa na kitu. Ajuza aliyeuza uji wa mtama barabarani katika miaka ya 1960 alijua habari za Kongo kabla ya mkuu wa wilaya, kwani waliokimbia walipita kwake kwanza.

Kisha zikaja siku za magendo. Idi Amin alitwaa serikali Januari 1971, na mwaka 1972 akawafukuza Waasia, ambao ndio waliokuwa wakishika biashara ya jumla na ya reja reja katika miji mingi. Maduka yaligawiwa wengine, nayo rafu zikabaki wazi. Sukari, chumvi na sabuni zikawa bidhaa za kunong'onezana. Utalii ulikufa, na loji zikapoa. Lakini mkahawa wa mpakani haukufa, maana magendo yana njaa. Kahawa ya Uganda ilivushwa usiku kwenda Rwanda na Zaire, na wenye mizigo walihitaji mahali pa kukaa mpaka giza liingie, na pa kupata kitu cha moto kabla ya kupanda kilima. Chai ilinywewa bila sukari, au kwa sukari iliyotoka ng'ambo. Hatuyasifu magendo. Twasema tu kwamba, katika miaka ile ambayo hakuna mtalii aliyekanyaga Kisoro, watu waliendelea kulipia sahani ya chakula hapo, na waliipatana bei kwa Kiswahili, lugha pekee ambayo Mkongo, askari wa Kaskazini na mchuuzi wa Kigezi waliweza kuichangia. Amri ya mwaka 1973 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa ilikikuta tayari kimeketi kwenye benchi la mkahawa.

Vita vya 1979 na vya miaka ya 1980 twaweza kuvipita upesi. Majira ya upungufu yaliendelea. Mwaka 1991 ndio uliobadili mambo. Vita vilikuwa vimeanza Rwanda Oktoba 1990, na Januari 1991 mji wa Ruhengeri, ulioko ng'ambo tu ya milima, ukashambuliwa. Mwaka huo huo Kisoro ilitengwa na Kabale ikawa wilaya yenyewe, na serikali ikatangaza hifadhi za taifa za Bwindi na Mgahinga. Kwa tangazo hilo Watwa, ambao msitu ulikuwa jiko lao, mwenye nyama, asali na mizizi, walitolewa humo. Katika habari yote ya chakula cha Kisoro hakuna sura chungu kuliko hii: gorila walipata ulinzi, mtalii akapata njia, na mwenyeji wa kale zaidi akabaki pembeni mwa shamba la mtu mwingine akingoja kibarua cha kuchimba viazi.

Safari za kuwaona gorila wa Bwindi zilianza mwaka 1993. Tarehe 1 Machi 1999 watu wenye silaha waliotoka Kongo waliishambulia kambi ya Buhoma na kuwaua watalii wanane, na loji zikapoa tena kwa muda. Baadaye zikafunguliwa njia za upande wa kusini, Nkuringo mwaka 2004 na Rushaga mwaka 2009, na Kisoro ikawa karibu na msitu kuliko mji mwingine. Barabara ya kutoka Kabale, iliyokuwa matope na kona tupu, ikawekwa lami katika miaka iliyofuata 2007. Mtu angetazamia kwamba mikahawa ya mji ingenenepa.

Haikuwa hivyo kwa kiasi kilichotazamiwa. Loji nyingi mpya zilijengwa mlimani, karibu na malango ya hifadhi au kando ya Ziwa Mutanda. Mgeni hulipia kitanda na milo yote mitatu kwa pamoja kabla hajapanda ndege. Hufika kwa gari, hupita mjini vioo vikiwa vimefungwa, na chakula cha mchana huenda nacho msituni katika kijisanduku. Hiyo ni impamba yake! Julai 2024 kibali cha kukaa saa moja na gorila kilipandishwa kuwa dola 800 kwa mgeni kutoka nje ya Afrika. Kwa fedha hizo mtu angekula viazi na maharage sokoni Kisoro kila siku kwa mwaka mzima, na zingine zikabaki. Lakini viazi vile vile, vilivyochimbwa katika shamba lile lile, vikipelekwa lojini hukatwa vijiti na kukaangwa, hupewa jina la Kifaransa, na aliyevilima havitambui.

Mkahawa wa sokoni nao haukukaa kama ulivyokuwa. Chapati, iliyokuja Afrika ya Mashariki na Wahindi, ilibaki baada ya wao kufukuzwa, na ikazaa watoto: kikomando, yaani chapati iliyokatwa na kuchanganywa na maharage, na roleksi, yaani chapati iliyoviringwa na mayai, ambayo vijana waliitoa Kampala. Matoke na katogo zilipanda kutoka nyanda za chini. Kutoka Kongo ikaja sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, pamoja na sambaza wa Ziwa Kivu, samaki ambao wao wenyewe ni wahamiaji, kwa kuwa walipelekwa ziwani humo kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Sahani moja ya Kisoro yaweza kusomwa kama ramani, na ramani hiyo haifuati mpaka wa 1910.

Ushahidi wa dai letu ulikuja katika miaka ya karibuni. Februari 2019, kwa ugomvi wa serikali mbili, Rwanda iliwazuia raia wake wasivuke kuingia Uganda. Watalii waliendelea kuja mwaka ule, na loji ziliwasha taa zao. Lakini sokoni wanunuzi wa Cyanika hawakuonekana. Machi 2020 maradhi ya UVIKO yakawafungia wote, mtalii na mchuuzi. Mpaka na Rwanda haukufunguliwa kwa wasafiri wa kawaida mpaka mwanzoni mwa 2022. Majiko yakaanza kuwashwa upya, na kabla hayajashika moto sawasawa, Juni 2022 waasi wa M23 wakauteka Bunagana, na malori ya Kongo yakasimama.

Maelfu ya watu wa Rutshuru walivuka siku hizo kwa miguu. Kituo cha Nyakabande, nje kidogo ya mji, kilijaa kupita kiasi. Wengi wao walikuwa wasemaji wa Kinyarwanda, na miongoni mwao walikuwamo wazee waliolelewa katika adabu ile ya kutotafuna mbele za watu. Ugali na maharage viligawiwa kutoka sufuria kubwa, nao wakala uwanjani, pasipo pazia.