Fedha ya Mgeni na Samadi ya Ng'ombe: Uchumi wa Mzunguko katika Vihamba vya Kilimanjaro

Katika maandishi mengi ya leo kuhusu utalii, uchumi wa mzunguko hupimwa kwenye pipa la taka. Hoteli inayovuna maji ya mvua, kutumia umeme wa jua na kuachana na chupa za plastiki huhesabiwa kuwa imefuzu. Makala haya yanakipinga kipimo hicho kinapopelekwa kijijini. Pale ambapo kivutio chenyewe ni shamba la watu, la kuuliza kwanza ni nani anayerudisha rutuba kwenye udongo ambao mgeni amekuja kuutazama, na je, analipwa?

Kuhusu misingi hakuna ubishi mkubwa: vitu vitumike tena, na mabaki ya mimea na wanyama yarudi ardhini. Ubishi uko kwenye haki. Kirchherr, Reike na Hekkert walipochambua fasili 114 za uchumi wa mzunguko mwaka 2017, waligundua kwamba nyingi zinalenga ustawi wa kiuchumi na ubora wa mazingira, ilhali usawa wa kijamii haugusiwi sana. Watetezi wa utalii wa kuhuisha, akiwamo Anna Pollock, wanataka utalii uyaache maeneo yakiwa na uhai zaidi kuliko ulivyoyakuta. Ni dai zuri, ila halijasema shilingi ipite mkononi mwa nani. Bila jibu hilo, neno la kuhuisha litabaki pambo la vipeperushi.

Mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro unafaa kuijaribu hoja hii. Kihamba cha Mchagga ni shamba la matabaka: juu miti ya miringaringa na mifuruanje, chini yake migomba, kisha kahawa, na chini kabisa magimbi na mboga. Maji hushuka kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na mababu. Fernandes na wenzake, walioandika mwaka 1984, walikadiria wastani wa ukubwa wa kihamba kuwa hekta 0.68. Andreas Hemp alihesabu zaidi ya spishi 500 za mimea katika mashamba haya, nyingi zikiwa hazikupandwa na mtu. Mwaka 2011 FAO iliuingiza mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, mlimani humo, katika orodha yake ya mifumo ya kilimo yenye umuhimu kwa urithi wa dunia.

Kinachouendesha mzunguko huu ni ng'ombe. Mkungu ukishavunwa, shina la mgomba hukatwakatwa na kuwa chakula chake, na kwa sehemu maji yake pia. Ng'ombe haendi machungani, analishwa zizini. Samadi inazolewa na kumwagwa kwenye mashina ya migomba. Wanapopika mbege kwa ndizi, ulezi na magome ya msesewe, machicha nayo huishia kwa mifugo. Mgeni anayetembezwa hapo huambiwa kwamba kila kitu kinatoka shambani na kinarudi shambani.

Si kila kitu. Shina la mgomba na majani ya kihambani hayatoshi kumlisha ng'ombe mwaka mzima, na kwa miaka mingi familia za mlimani zimetegemea mashamba ya tambarare, wanakolima mahindi na maharage. Baada ya mavuno, mabua na majani hupandishwa mlimani, zamani kichwani, siku hizi mara nyingi kwa gari. Mzunguko unaosifiwa kuwa umefungwa ndani ya kihamba unalishwa na ardhi iliyoko kilomita nyingi chini, na kwa sehemu kubwa unalishwa kwa mgongo wa mwanamke. Kukata majani, kuyabeba na kuzoa samadi ni kazi ambazo kwa desturi zimewaangukia wanawake.

Sasa itazamwe ziara ya kahawa, mfano ile ya Materuni, huko Uru. Mgeni huchuma tunda jekundu, hulikoboa kwa mashine ya mkono, hutwanga kahawa kavu kwenye kinu, huipepeta kwa ungo, kisha huikaanga juu ya moto wa kuni huku nyimbo zikiendelea. Anakunywa kikombe, ananunua pakiti, anaondoka siku hiyo hiyo. Fedha yake imelipia kahawa. Na tangu zao hili lilipoenea mlimani, hata katika zama za KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa kilichoanzishwa 1933, kahawa imekuwa zao la mwanamume. Ndizi ndizo za mwanamke, na ndizo anazozipeleka sokoni. Fedha ya utalii inapofuata zao linaloonyeshwa, inapita mbali na kazi inayolifanya lionyesheke. Hapa ndipo palipo kasoro yenyewe, na hakuna idadi ya mapipa ya kuchambulia taka itakayoirekebisha.

Atakayepinga atataja Chumbe. Hoteli ya kisiwa hicho karibu na Unguja, yenye nyumba saba, inapokea wageni tangu 1998: maji ni ya mvua, vyoo vinatengeneza mboji, maji machafu yanachujwa kwa mimea, na mapato yanagharimia hifadhi ya matumbawe. Mafanikio hayo ni ya kweli na yanastahili heshima. Lakini Chumbe hakikuwa na wakazi. Hapakuwa na mke, mume na mtoto wa kugawana ada ya mgeni, wala kihamba cha kurithishwa wana hadi kikawa vipande. Fundi wa mabomba anaweza kuukamilisha mzunguko wa Chumbe. Ule wa vihamba vya Uru na Marangu unahitaji pia mgawanyo wa mapato.

Wengine watasema jambo hili lilishatatuliwa na mpango wa utalii wa kiutamaduni ulioanza katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa SNV, shirika la maendeleo la Uholanzi, ambapo sehemu ya ada huingia katika maendeleo ya kijiji. Madarasa na zahanati ni mambo ya lazima. Hata hivyo, darasa halipandishi majani kutoka tambarare wala halizibui mfongo uliojaa tope. Fedha imerudi kijijini bila kurudi kwenye mzunguko.

Mlima mmoja hautoshi kutunga kanuni ya dunia nzima, na ugawaji wa vihamba kati ya warithi unaweza kuushinda mpango wowote wa utalii. Pamoja na hayo, hatua ya kwanza iko wazi. Halmashauri, vyama vya ushirika na waongoza watalii waweke katika bei ya ziara malipo mawili yanayotajwa kwa jina: ya majani na samadi, yakabidhiwe anayefanya kazi hiyo, na ya matengenezo ya mfongo, yakabidhiwe wanaoutunza. Ziara isiyolipa hayo mawili isiruhusiwe kujitangaza kuwa inahuisha chochote.