Wahitimu wa West Point walioingia upande wa uasi

Saa kumi na nusu alfajiri, tarehe 12 Aprili mwaka 1861, mizinga ya majimbo yaliyojitenga kusini mwa Marekani ilianza kuishambulia ngome ya Fort Sumter, kwenye bandari ya Charleston. Aliyeamuru mashambulizi hayo alikuwa Jenerali Pierre Beauregard. Aliyezingirwa ndani ya ngome alikuwa Meja Robert Anderson, ambaye zaidi ya miaka ishirini kabla ya hapo alimfundisha Beauregard somo la mizinga katika chuo cha kijeshi cha West Point. Miezi mitatu tu kabla ya shambulio, Beauregard mwenyewe aliteuliwa kuwa mkuu wa chuo hicho, akaondolewa baada ya siku chache kwa kuwa moyo wake ulikuwa kusini.

Hivyo ndivyo vilivyoanza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na ndivyo vilivyoendelea. Inahesabiwa kwamba katika mapigano makubwa 60 ya vita hivyo, 55 yaliongozwa na wahitimu wa West Point pande zote mbili.

Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1802 kando ya mto Hudson katika jimbo la New York, kiliwasomesha vijana kwa fedha za taifa zima. Wengi wao walipigana bega kwa bega katika vita dhidi ya Mexico, kati ya mwaka 1846 na 1848. Majimbo 11 yalipojitenga ili kuulinda utumwa, jeshi la Marekani lilikuwa na maofisa waliozidi 1,000 kidogo. Karibu 300 kati yao waliacha kazi na kwenda kusini. Jefferson Davis, rais wa majimbo hayo, alihitimu West Point mwaka 1828 na aliwahi kuwa waziri wa vita wa Marekani.

Tofauti moja haitajwi sana. Ofisa aliweza kuandika barua ya kujiuzulu na kuondoka kwa heshima zote. Askari wa kawaida alifungwa na mkataba wake, na kuondoka kwake kulihesabiwa utoro. Walio wengi wa askari hao walibaki.

Kiapo na nyumbani

Anayekumbukwa kuliko wote ni Robert E. Lee wa Virginia, aliyehitimu wa pili mwaka 1829 bila doa hata moja la nidhamu, na baadaye akawa mkuu wa chuo hicho. Mwezi Machi 1861 alikubali cheo cha ukanali chini ya Rais Abraham Lincoln. Tarehe 18 Aprili alidokezewa kwamba angeweza kuliongoza jeshi la Muungano. Siku mbili baadaye alijiuzulu, akisema hawezi kuinua mkono dhidi ya jamaa zake na jimbo lake.

Hoja hiyo imerudiwa mno hata ikaonekana kana kwamba mtu wa kusini hakuwa na njia nyingine. Ty Seidule, aliyeongoza idara ya historia ya West Point, amehesabu makanali wanane wa Virginia waliosomea chuo hicho na waliokuwa jeshini mwaka huo: saba walibaki na Muungano, Lee peke yake akaondoka. George Thomas, naye Mvirginia, wa darasa la 1840, alibaki na kuwa mmoja wa majenerali hodari wa kaskazini. Dada zake walimkana.

Walikuwapo pia waliokwenda kinyume. John Pemberton alizaliwa Pennsylvania, kaskazini, lakini mkewe alikuwa wa Virginia. Aliingia upande wa kusini, na tarehe 4 Julai 1863 akausalimisha mji wa Vicksburg kwa Ulysses Grant, mhitimu wa West Point wa mwaka 1843. Kumbe basi "nyumbani" ni neno pana: wengine walilisoma kwa kuzaliwa, wengine kwa ndoa.

Hata Unguja vita hivyo vilisikika, madukani. Shehena za merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa na wafanyabiashara wa Massachusetts, zilipungua sana, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi.

Bunge la Marekani halikungoja mwisho wa vita. Mwezi Agosti 1861 lilibadilisha kiapo cha makadeti, likaweka utii kwa taifa juu ya utii kwa jimbo lolote. Wapo maseneta waliotaka chuo kifungwe kabisa, hawakufaulu. Lee alisalimu amri mbele ya Grant tarehe 9 Aprili 1865. Hakuna jenerali wa kusini aliyehukumiwa kwa uhaini. Marekebisho ya katiba ya mwaka 1868 yaliwazuia waliovunja kiapo kushika madaraka, lakini msamaha wa mwaka 1872 ukawafungulia mlango walio wengi.

Mwaka 1952 picha ya Lee, akiwa amevaa sare ya waasi, ilitundikwa katika maktaba ya West Point. Iliondolewa Desemba 2022, na mwaka 2025 ikaamuliwa irudishwe. Nyuma ya jenerali, katika picha hiyo, yupo mtumwa anayeongoza farasi wake.