Mwanga wa Pete Isiyokuwepo

Siku hizi sonara humwonyesha mteja pete kabla ya kuyeyusha hata chembe ya dhahabu. Pete imo ndani ya kompyuta tu, lakini inang'aa kama iliyovaliwa. Ilichukua miaka mingi kufika hapo, kwa sababu watafiti walianza na taa, na taa peke yake haikutosha.

Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Vietnam, aliandika tasnifu iliyoeleza namna ya kukokotoa doa la mwanga juu ya kitu laini. Alifariki mwaka 1975, angali kijana, na hesabu yake inatumika hadi leo. Hata hivyo, vitu vilivyochorwa kwa njia hiyo vilifanana na plastiki. Dhahabu halisi haionyeshi taa tu; huonyesha pia ukuta, dirisha na mkono ulioishika.

Mwaka 1976, James Blinn na Martin Newell walilishughulikia jambo hilo. Newell alikuwa amekwisha kuigiza kwa hesabu birika la chai la nyumbani kwake. Sasa wakalizungushia picha ya mazingira, na birika likaanza kuakisi. Upungufu ulibaki mmoja: mdomo wa birika haukuonekana kwenye tumbo lake, kwa kuwa picha ile ilikuwa ya mambo ya mbali tu.

Turner Whitted wa maabara ya Bell Labs aliliziba pengo hilo mwaka 1980. Aliufuata kila mwale kutoka jichoni, ukagonga kitu, ukarudishwa au ukapinda ndani ya kioo, kisha ukaendelea na safari. Picha yake ya matufe mawili juu ya sakafu ya mirabaraba ilichukua dakika 74 kukokotolewa.

Mwanga wenyewe bado ulikuwa wa kubuni. Mwaka 1998, Paul Debevec wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipiga picha za tufe linaloakisi kama kioo cha kujitazamia mahali halisi, kwa vipimo mbalimbali vya mwanga, hata ukali wa jua na giza la kivuli vikahifadhiwa pamoja. Kuanzia hapo, mahali penyewe pakawa taa.

Almasi ndiyo iliyonufaika zaidi. Marcel Tolkowsky alikwisha kueleza mwaka 1919 kwamba uzuri wake hutegemea pembe za mchongo: mwale unaogonga ukuta wa ndani kwa zaidi ya nyuzi 24 hivi kutoka wima wa ukuta huo haupenyi, hurudishwa. Ukiizunguka almasi kwa weupe mtupu, itarudisha weupe mtupu na kupoa. Ndiyo maana mchoraji hodari huweka vipande vyeusi kandokando yake, kama wapigapicha wa vito wanavyofanya studioni. Pete huonyesha kile kilichoizunguka, kwa hiyo anayetaka ipendeze hana budi kuandaa kwanza mazingira yake, pamoja na giza lake.